Burudani inayokatika: jioni za mwanafunzi mwenye ndoa

Nimeshafika mahali naamini kwamba mwanafunzi mwenye ndoa hachagui burudani kwa kuangalia ipi tamu, anachagua kwa kuangalia ipi inakatika. Yaani burudani ambayo unaweza kuiacha katikati ukaenda kuzima jiko, ukapokea simu ya mama mkwe, ukarudi kwenye kurasa zako za kesho, ukalala, halafu keshokutwa ukaikuta pale pale ulipoiacha na haijanuna. Zingine zote ni nzuri, sikatai, ila ni za watu wenye jioni nzima mkononi na mi jioni nzima sijaiona siku nyingi sana.

Nasomea uuguzi. Niliolewa nikiwa bado chuo, mume wangu anafanya kazi ya zamu, wiki hii asubuhi wiki ijayo usiku, na mimi nikiwa kwenye mazoezi ya wodini nina zamu zangu ambazo hazijawahi kukubaliana na za kwake. Watoto bado. Hilo la watoto bado lina simu zake, nitalifikia.

Darasani niko kama kiumbe wa maonyesho. Kuna wanaonionea huruma, wanaona nimeshamaliza maisha, wakipanga kutoka hata hawaniulizi, wanasema "huyo ana mzee wake". Na kuna wanaonionea wivu, wanadhani kila nikirudi nakuta mtu ananisubiri na mapenzi kwenye sinia. Wote wamekosa. Kuna wiki tunaonana mlangoni tu, yeye anatoka mi naingia, tunapeana funguo na habari mbili tatu, maji yapo, nguo hazijakauka, umelala kweli wewe? Basi. Kazi za nyumbani kwetu hazina mgawanyo wa maana, aliyepo ndo anafanya, na aliyepo akiwa na tesiti kesho yake hiyo kazi inalala hadi apatikane mwingine, na vyombo vikilala na sisi tunalala, hamna aliyekufa kwa hilo.

Kwenye kusoma nilijaribu sana ile staili ya dakika 25. Huyu bwana Francesco Cirillo wa Italia aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa chuo, akatumia saa ya jikoni ya kukumbusha muda yenye umbo la nyanya, unasoma dakika 25 bila kugusa kitu kingine, unapumzika 5, unarudia, ukishafanya mara nne unapumzika zaidi. Iko vizuri, nawashauri watu waijaribu, ila kiukweli naona ilitungwa na mtu ambaye hakuwa na mtu wa kumuuliza "chaja iko wapi" dakika ya 11. Mimi kwangu zile 25 nazipata alfajiri tu. Mchana na jioni nasoma kwa vipande, na njia iliyoniokoa ni kadi.

Kadi zenyewe ni karatasi ngumu nimezikata mwenyewe kwa mkasi, hazilingani, zingine zina kona imeliwa. Mbele swali, nyuma jibu. Nina vibox vitano vya viatu vya kawaida nimevipanga chini ya meza, kadi mpya inaanza kibox cha kwanza, nikiipata inapanda, nikiikosa inarudi mwanzo hata kama ilikuwa imefika cha nne, na kadiri inavyopanda ndo naiangalia mara chache zaidi. Utaratibu huu unajulikana kwa jina la Sebastian Leitner aliyeuandika miaka ya 1970, ila wazo la msingi ni la zamani kuliko hapo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia yeye mwenyewe, alikuwa anakariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote halafu anapima amesahau kiasi gani baada ya muda fulani, akaona kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni kabisa na baadaye kasi inapungua, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kukaza mara moja usiku wa kuamkia mtihani. Mtu amekaa peke yake anakariri upuuzi ili sisi tujue namna ya kusoma, namheshimu sana, ingawa najiuliza kama nyumbani kwake kulikuwa na amani.

Utamu wa kadi ni kwamba mwingine anaweza kukuuliza. Mume wangu hakusoma afya hata kidogo, lakini neva za kichwa, ile mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, sasa hivi anazijua, jozi zote 12. Alianza kwa kunisaidia tu, mi nakunja nguo yeye amejilaza na rundo la kadi kifuani anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, "ya kwanza?" kunusa, "ya pili?" kuona, "ya saba?" uso, "ya nane?" na hapo mwenyewe anakwama maana jina lake ni refu na linamvunja ulimi, anaishia kusema "ile ya masikio na mizani". Nacheka hadi nguo zinakunjuka tena. Ya kumi ndo anaipenda, vagasi, kwa sababu inaanzia kichwani inashuka shingoni inapita kifuani inafika hadi tumboni, anasema hiyo ni neva yenye zamu mbili. Siku hizi hata tukiwa tunatembea barabarani ananigeukia bila onyo, "ya tano?", na nisipojibu kwa haraka anaanza kuhesabu kwa vidole kama mwamuzi wa ngumi. Hiyo kwangu ni burudani na ni masomo, na inakatika popote.

Sasa burudani yenyewe ya nyumba yetu, ile ambayo ningeulizwa nichague moja ningeichagua hiyo, ni sataranji, yaani chesi. Siyo sataranji ya kukaa mezani mkatazamana. Bodi yetu inakaa kwenye kimeza kidogo karibu na mlango, pale tunapoweka funguo, na inakaa hapo muda wote ikiwa imepangwa mchezo uko katikati. Anayepita anacheza hatua moja, anaenda zake. Pembeni ya bodi kuna kizibo cha chupa, ukishacheza unakisukuma upande wa mwenzako, ili akija ajue ni zamu yake. Kwa hiyo narudi kutoka wodini nimechoka miguu imevimba, nafungua mlango, jicho linaenda kwenye kizibo kabla hata ya kuvua viatu. Kiko upande wangu. Halafu naona amesogeza askari wake mmoja tu, kahatua kadogo ka kinafiki, na najua amekawaza usiku kucha kazini.

Mchezo mmoja unaweza kutuchukua wiki kadhaa. Watu wakisikia wanashangaa ila hili jambo lina historia ndefu kutuzidi, watu walikuwa wanacheza kwa barua. Mwaka 1824 klabu ya Edinburgh na klabu ya London zilianza pambano la sataranji kwa posta, hatua inaandikwa kwenye barua inasafirishwa kwa gari la farasi, wanasubiri jibu, na pambano likaenda hadi 1828, miaka minne, Edinburgh wakashinda. Kuna hadi aina ya ufunguzi wa mchezo inaitwa ya Kiskoti na jina lake limetokana na pambano hilo. Na mpaka leo kuna shirikisho la kimataifa la wanaocheza kwa mbali, lilianzishwa 1951, na programu za simu zinakupa siku kadhaa kwa kila hatua. Sasa nani aseme sisi tunachelewa.

Ninachokipenda kwenye huu mtindo ni kwamba mchezo unaendelea kichwani hata ukiwa mbali na bodi. Niko natandika kitanda cha wodini, mikono inakunja kona za shuka yenyewe maana imeshazoea, na huku naona farasi wangu anaweza kuruka akatishia malkia na ngome kwa mpigo mmoja. Mwenzangu naye ananitumia meseji saa nane usiku, hamna salamu hamna nini, "usidhani sijaona farasi wako". Wengine wanatumiana maua, sisi tunatumiana vitisho, na mimi sioni tofauti.

Kwenye kozi ya saikolojia, ile ya semista moja ambayo wengi tunaichukulia poa, nilikutana na mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik. Mwaka 1927, akiwa Berlin, alichapisha utafiti kwamba watu aliowakatisha kazi katikati walizikumbuka hizo kazi zaidi kuliko zile walizozimaliza. Nilivyosoma nikapiga meza. Baadaye watafiti wengine walirudia wakapata matokeo yanayopishana, wapo waliothibitisha na wapo ambao hawakuona kitu, kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikaapa. Ila kwa maisha ninayoishi naona mama huyu alikuwa anaongelea nyumba yangu. Jambo nililoliacha katikati linanisubiri na mimi nalisubiri, na hiyo hamu ya kurudi ndo nusu ya utamu wenyewe.

Matatizo yetu yote ya burudani, na namaanisha karibu yote, yanatokana na vitu visivyokatika.

Mpira kwanza. Mume wangu na mpira ni ndugu. Mechi ni dakika 45 mara mbili na mapumziko yasiyozidi dakika 15, na katika hizo 90 na nyongeza zake yule siyo mume ni shabiki, ukimuuliza kitu anajibu "ee" na hiyo "ee" haina maana yoyote, unaweza ukamwambia nyumba inaungua akasema "ee". Ila tulishapatana vizuri. Mapumziko ni ya vyombo. Filimbi ikipulizwa anainuka anaenda anaosha kwa kasi ambayo siku zingine haipo, na kweli dakika 15 zinatosha kama hamna sufuria iliyoungulia. Mi dakika 90 zile nazichukua kusoma, kwa hiyo ratiba ya ligi naijua kuliko wanaoangalia, maana kwangu kila mechi ni vipindi viwili vya kusoma bila kuulizwa chaja.

Gemu za onlaini ndo zilikuwa shida zaidi. Gemu la kucheza peke yako ukibonyeza pause linasimama, lakini la kucheza na wenzako halisimami, kuna watu wengine humo ndani, ukiondoka timu inapungua na wanakutukana. Kwa hiyo mtu anakwambia "dakika mbili" na ni mkweli kabisa, hajui tu kwamba hizo dakika hazipo mikononi mwake. Tulizozana wee, mwishowe tukakubaliana kitu kimoja, kabla hujaanza raundi unatangaza. "Naingia." Ukitangaza na mwenzako akanyamaza basi amekubali na hana haki ya kukuita hadi utoke. Na mimi nikiwa na diskasheni ya grupu kwenye simu natangaza hivyo hivyo. Imesaidia kuliko ushauri wote tuliopewa siku ya harusi.

Tamthilia nazo zina ujanja wao. Sehemu ikiisha inayofuata inaanza yenyewe baada ya sekunde chache, na mwisho wa kila sehemu umetengenezwa makusudi mtu asiweze kulala. Nimezima ile ya kujianzisha kwenye mipangilio, karibu kila programu ya kuangalia inakuruhusu kuzima, nenda kaitafute. Na nikagundua njia nyingine nzuri zaidi, naangalia hadi katikati ya sehemu nazima. Siyo mwisho. Katikati, pale wanapoongea mambo ya kawaida. Mwisho ndo wameweka ndoano, katikati hamna, unatoka salama. Mume wangu anasema hii ni tabia ya ajabu na hakubali kuangalia na mimi, sawa, abaki na usingizi wake.

Na usingizi nao niuseme maana kwa sisi wa zamu ni kama pumbao la anasa. Kusinzia siyo uvivu, mzunguko mmoja wa usingizi unachukua kama dakika 90 hivi na ubongo unatumia usingizi kuyakaza uliyojifunza, kwa hiyo nikitoka zamu ya usiku halafu mtu ananiambia nisome kwanza ndo nilale, namsikiliza kwa heshima zote halafu nalala.

Sudoku, lile fumbo la kujaza tarakimu kwenye visanduku, naifanya kwenye gari nikienda na kurudi. Sina mengi ya kusema juu yake zaidi ya kwamba iliwekwa kwenye jarida huko Marekani 1979 na msanifu majengo anaitwa Howard Garns, jina hili la Kijapani likaja miaka ya 1980, na kwamba mwaka 2012 wanahisabati wa Dublin walionyesha kwa kompyuta kuwa ili fumbo liwe na jibu moja tu lazima liwe na tarakimu zisizopungua 17 zilizojazwa tayari kati ya visanduku 81. Hiyo 17 inanifurahisha bila sababu.

Kinachonishangaza mwenyewe ni kwamba nimekuwa mtu wa nyota. Ilianza kwa sababu ya zamu, unarudi nyumbani giza bado au giza limeanza, na ukiinua kichwa kuna kitu cha kuangalia bure. Kituo cha Anga cha Kimataifa kinaonekana kwa macho tu, hakihitaji chombo chochote. Kinazunguka dunia kwa kama dakika 90, kiko juu kilomita 400 hivi, kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa, na kimekuwa na watu ndani yake bila kukatika tangu Novemba 2000. Unakiona jioni baada ya jua kuzama au alfajiri kabla halijachomoza, maana hapo wewe uko gizani ila chenyewe huko juu bado kinapigwa na jua. Ni nuru kali inayotembea bila kupepesa, ikiwa inapepesa hiyo ni ndege. Na inapita kwa dakika chache tu, tano, sita, imeisha. Burudani ya dakika tano! NASA, shirika la anga la Marekani, wanatoa ratiba za lini kitapita eneo lako, mi nimeziweka kwenye simu, ikilia namwita mume wangu "baba toka nje", majirani walishazoea kutuona tumesimama tumeinua videvu.

Halafu kuna sayari ya Jupita. Tuna darubini ya mkononi, ile ya kawaida ya macho mawili, ukiiegemeza ukutani isitetemeke unaona vitone vidogo pembeni ya Jupita vimejipanga kwenye mstari. Hiyo ni miezi yake minne mikubwa, ile ile aliyoiona mwanaastronomia Galileo mwaka 1610. Wa ndani kabisa kati ya hiyo minne, Io, unamaliza mzunguko kwa chini kidogo ya siku mbili, wa nje, Kalisto, unachukua karibu siku 17, kwa hiyo kila ukiangalia mpangilio umebadilika, leo miwili kulia miwili kushoto, kesho mitatu upande mmoja na mwingine umejificha nyuma. Unaangalia nusu dakika unaandika kwenye daftari vitone vinne na duara, unaingia ndani. Daftari langu la fiziolojia kurasa za nyuma zimejaa Jupita, mhadhiri alishawahi kuliona akauliza hizi ni seli gani, nikamwambia siyo seli mwalimu, ni miezi. Alinitazama kwa muda.

Sasa simu. Mama mkwe anapiga jioni, na ninampenda, sema ana kipaji cha kupiga wakati kadi ziko mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Mnafanya nini?" Nasema tunasoma mama. "Mnasoma tu?" Tunasoma na kucheza sataranji mama. Kimya. "Na kingine?" Tunaangalia nyota mama. Kimya kirefu zaidi, halafu anaomba kuongea na mwanawe. Naye mwanawe anajibu "ee mama, ee, ee" kama yuko kwenye mpira, na mimi nakunja nguo najifanya sisikii. Shangazi zangu wao wanauliza kwa njia ya dua, kila salamu inaishia na baraka ambayo lengo lake unalijua. Tumeshaamua hadi nimalize chuo, ni uamuzi wetu wawili, na sidhani natakiwa kuutetea kwenye kila salamu, kwa hiyo naitikia amina na naendelea na mambo yangu.

Likizo iliyopita tulipata siku kadhaa wote tuko nyumbani, hamna zamu hamna kipindi. Tukasema leo tunakaa tunacheza mchezo mzima kama watu. Tumekaa, tumetazamana, hatua baada ya hatua, na kabla ya saa moja mchezo umeisha, nimeshinda, na wote wawili tumekaa pale tunaangaliana kama wageni kwenye sebule ya mtu. Yeye ndo alianza, "turudishe mlangoni?" Tukarudisha.

Na pale mlangoni ndo kuna kesi ambayo mpaka naandika hapa haijaisha. Sheria ya sataranji inasema ukigusa kete yako kwa makusudi lazima uicheze, labda uwe umetangaza kwanza kwamba unaiweka sawa. Mi juzi nilikuwa nafuta vumbi kwenye kimeza, nikainua malkia wangu nikafuta chini yake nikamrudisha pale pale kwenye kisanduku chake, na kizibo kilikuwa upande wangu. Mume wangu ametokea chumbani amesimama na mswaki mdomoni, anasema umegusa. Nikamwambia nilikuwa nafuta vumbi. Anasema hukutangaza. Nikamwambia vumbi halitangazwi. Sasa kizibo kiko upande wangu siku ya nne hii, na kila hatua inayowezekana ya malkia ni mbaya, kwa hiyo sichezi hadi akubali kwamba kufanya usafi siyo kucheza. Yeye anasema atasubiri, watu wa Edinburgh walisubiri miaka minne.